Kompyuta ya Mwalimu

Ilizima tena. Dakika ya kumi na mbili, kama jana na juzi, kioo kikawa cheusi na feni ikanyamaza.

"Basi," mke wa Fundi alisema, mikono bado juu ya kibodi. "Nitaanza upya."

Hakulalamika, na hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Afadhali angefoka.

Miaka thelathini alikuwa ametengeneza redio za watu, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mkewe. Naye Fundi alimwita mkewe Mwalimu, kwa kuwa alisomesha shule ya msingi. Wiki iliyopita alimsikia akiulizia mahali pa kuchapa fomu ya kazi, bila shaka ya kupandishwa cheo, akavimba kifua. "Uwalipe watu na mimi nipo? Nitakuundia kompyuta yako mwenyewe!" Ukweli ni kwamba hakuwahi kumtengenezea kitu. Hata pasi ya nyumbani ilikaa mwaka mzima benchini, ikipitwa na redio za wateja.

Basi alinunua kifaa kimoja kimoja, akaviunga juu ya meza ya chakula, na kompyuta ikawaka mara ya kwanza tu. Mwalimu alipiga makofi. Dakika kumi na mbili baadaye ikazima.

Tangu hapo zilikuwa zimepita siku sita. Fundi alibadili ram, kile kibao cha kumbukumbu. Alichomoa kila waya na kuuchomeka tena. Aliulaumu umeme, akaazima pawa saplai nyingine ya kuilisha mashine umeme, akampigia simu muuza duka na kumtolea maneno ambayo hayasemeki mbele ya watu. Na juzi, alipoishiwa na wa kulaumu, alimgeukia mkewe.

"Mwalimu, unabonyeza kwa nguvu mno. Hiyo si chaki."

"Nisamehe," mkewe alisema, na tangu siku hiyo alidonoa herufi kwa ncha za vidole, kwa woga.

Jema lilikuwa moja. Kila Fundi alipofungua kasha, Mwalimu alipiga magoti kando yake kumshikia tochi. Jana skrubu ilimponyoka Fundi ikadumbukia kwenye kikombe chake cha chai, wakacheka wote wawili mpaka tochi ikatetemeka. Hakukumbuka mara ya mwisho walipocheka hivyo.

"Fomu mwisho lini?" aliuliza sasa.

"Kesho saa nne asubuhi. Ikipita hapo, mpaka mwakani."

"Na leo Jumapili, maduka yote yamefungwa. Lakini usijali, utaipata. Mimi huyu nitalala nyumba moja na mkuu wa shule!"

Mwalimu alitabasamu kidogo, akachukua beseni la nguo akaenda kuanika uani. Alipita kwenye dirisha lililokuwa na makopo yake ya maua. Makopo hayakuwapo tena, zilibaki alama za duara tu. Alikuwa amempa jirani yote, akisema kumwagilia kumemshinda.

Fundi akainama. Kitu pekee ambacho hakuwa amekigusa tangu siku ya kwanza ni feni iliyokaa juu ya prosesa, ubongo wa mashine. Akaifungua skrubu nne, akaigeuza.

Chini ya feni kulikuwa na bamba la shaba la kunyonya joto la prosesa, na juu ya bamba, nailoni nyembamba, imejikunja kwa joto. Aliikumbuka vizuri. Aliiona siku ya kwanza na akaiacha kwa makusudi, ili shaba isichafuke. Ndiyo ilivyokuwa desturi yake. Rimoti ya televisheni ilikuwa bado kwenye plastiki yake, na makochi vilevile, mwaka wa tano huu. "Siku moja na mimi utanivisha nailoni," Mwalimu alipata kumtania.

Kumbe mashine ilikuwa ikiungua na kujizima kwa sababu yake mwenyewe. Na mwanamke wa watu ameombeshwa radhi bure! Fundi aliona aibu akiwa peke yake chumbani. Aliibandua nailoni, akaitia mfuko wa shati. Angemwonyesha mkewe, angemwambia yote, na muuza duka naye angempigia.

Alirudisha feni, akawasha. Dakika ya kumi na mbili ikapita. Ya ishirini. Ya arobaini. Mashine ikanguruma kwa utulivu.

Akawaza kumwongezea mkewe na zawadi. Kompyuta inapozima ghafla huweka kando nakala ya kilichokuwa kikiandikwa. Angeitafuta, amrudishie kazi yake aliyoipoteza, asianze upya tena. Hakutaka kusoma. Alitaka tu kuhakikisha kwamba ndiyo yenyewe.

Ilikuwa ndiyo yenyewe.

*OMBI LA UHAMISHO. Kituo unachoomba: chochote, kilicho mbali zaidi. Idadi ya watakaohama na mwombaji: hakuna. Sababu za kuomba: Nyumbani kwangu hakuna atakayegundua kwamba nimeondoka.*

Fundi alisoma mara mbili. Kutoka uani alisikia vibanio vya nguo vilivyobaki vikiangushwa kimoja kimoja ndani ya kopo.

"Fundi!" mkewe aliita. "Imepona?"

Fundi aliizima mashine kwanza. Akafungua zile skrubu nne, akatoa nailoni mfukoni, akaibandika juu ya shaba na kuilainisha kwa kidole gumba mpaka mikunjo yote ikaisha.

"Bado, Mwalimu," alisema. "Njoo unishikie tochi."