Jumapili Bila Hodi

Tangu jiji lilipotangaza kwamba kila Jumapili nyumba za wakazi ni vivutio vya bure kwa familia, hakuna mgeni anayebisha hodi. Mwantumu alikuwa anakuna nazi watalii walipomjia jikoni, baba, mama na watoto wao wawili. Mtoto mmoja akafunua sufuria ya mchuzi, akanusa.

"Ebo! Nyie hamna adabu?" Mwantumu akafoka. "Hapa ni kwangu!"

"Wanangu, ndiye huyu mkali tuliyeambiwa tusikose kumwona," baba mtu akasema huku akipiga picha. "Na ni bure!"

Walimtazama mpaka wakachoka, wakaondoka, mlango wakauacha wazi. Mwantumu alijifunga kanga kiunoni, akavuka uchochoro kwenda kwa shoga yake Chausiku. Leo mtaa mzima utafunga milango, liwalo na liwe.

"Hodi, shoga! Hodi humu ndani!"

Chausiku hakumkaribisha. Bila hata kugeuka kuangalia ni nani, aliweka kanga yake sawa, akatabasamu, akaendelea kusonga ugali taratibu, akisubiri apigwe picha.