Gauni la Pazia

Siku hiyo Paulina hakumpaka Sabrina mafuta kichwani kabla ya kumtia dawa ya kulainisha nywele. Msusi yeyote wa Ipagala anajua kwamba mafuta ndiyo yanayokinga ngozi isiungue. Paulina alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye kazi hiyo, na kopo la mafuta lilikuwa pale pale kwenye stuli. Alilitazama, akalisogeza kwa kidole, akavaa glavu.

"Inama, mwanangu."

Sabrina akainama. Alikuwa na miaka kumi na sita, binti wa Kirangi anayeishi kwa shangazi yake nyumba ya tatu. Jumamosi alikuwa anakwenda Kondoa kwenye harusi ya dada yake, na alitaka nywele zilale kama za msanii mmoja wa filamu, zigawanywe katikati, za mbele zinate kwenye paji la uso.

"Huyo msanii umemwona wapi?" Paulina aliuliza.

"Kwenye simu ya Tereza. Yangu shangazi alininyang'anya tangu Ramadhani."

Muongo mkubwa, Paulina akasema moyoni.

Maana wiki mbili nzima alikuwa anamtafuta mwenye ile akaunti. Inaitwa Jicho la Fasheni. Sura haionekani, sauti imechezewa na simu mpaka imekuwa nyembamba kama ya katuni, na vijana wote kuanzia Ipagala mpaka Chimwaga wanaifuata. Leo inafundisha kupaka wanja, kesho inasema nani kavaaje, halafu inatoa alama. "Dada, ngozi kavu hivyo na poda nyeupe juu? Utadhani umetoka kusagisha mahindi Kibaigwa. Mbili kwa kumi!" Watu wanavunjika mbavu. Paulina naye alikuwa anacheka, mpaka zamu ilipofika kwake.

Tereza, mwanawe wa pekee, alipata kipaimara. Alitaka gauni la dukani, Paulina hakuweza. Akachukua kitambaa cheupe kilichobaki alipotengeneza pazia, akakishona kwa mkono siku nne, akatia na shanga shingoni. Kanisani lilipendeza. Jumanne yake Restuta wa jumuiya akamletea simu huku amejiziba mdomo.

"Wapendwa, hilo si gauni, hilo ni pazia," sauti ya katuni ilisema juu ya picha ya Tereza. "Pacha wake bado ananing'inia sebuleni kwao, dirisha la kushoto. Sifuri!"

Watu elfu kumi na moja walikuwa wameshaangalia.

Tereza alipoonyeshwa hakulia. Aliuliza tu, "Wamefika wangapi?" Kisha akasema, "Achana nao, Mama. Mambo ya mtandaoni hayo." Paulina akaona mtoto anameza uchungu ili asimwumize mama yake, na hapo ndipo roho yake ilipogeuka nyongo. Akaapa. Mtu huyo atalia machozi ambayo Tereza amenyimwa.

Akatafakari. Dirisha la kushoto halionekani barabarani. Wateja anawasukia uani. Kijana aliyewahi kukaa sebuleni kwake mwaka huu ni mmoja tu, tena mpenda urembo: Sabrina, anayekuja kusoma na Tereza.

"Mama Tereza, inaanza kuchoma."

"Vumilia. Urembo ni kazi."

"Lile gauni la Tereza lilikuwa zuri. Mimi nilimwambia."

Mikono ya Paulina ikasimama. Bado ananicheza shere! Akachota dawa nyingine, akaisukumia mpaka kwenye ngozi, nyuma ya masikio, kisogoni.

"Mama, shikamoo, naomba unioshe. Nimeshindwa."

"Maji yamekatika. Nimeagiza."

Pipa lilikuwa limejaa, limefunikwa na sinia, hatua nne kutoka pale.

"Mama, Sabrina ana nini?" Tereza aliita kutoka chumbani, alikojilaza tangu asubuhi akisema kichwa kinamuuma.

"Tulia wewe. Namtengeneza rafiki yako."

Dakika ya arobaini ndipo alipoleta maji. Nywele zilitoka pamoja na povu, mafungu kwa mafungu, zikajaa kwenye beseni. Pale zilipokuwa zimeota pakabaki pekundu, panatoa majimaji. Sabrina alipeleka mkono kichwani, akagusa, akaurudisha haraka.

Paulina akamwinamia sikioni. "Haya. Sasa kajipe alama."

Binti alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua. "Alama za nini, Mama?" Akajitupia khanga kichwani, akakimbia kwa shangazi yake, kilio chake kikisikika nyumba zote.

Paulina akakaa kwenye stuli. Alijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo wa kuni. Akavua glavu polepole, kidole kimoja kimoja, huku akiimba pambio la Jumapili. Hata beseni alikuwa hajamwaga simu ilipolia. Restuta alikuwa amemtumia video mpya ya Jicho la Fasheni, bila neno hata moja.

Ilianza na mgongo wa Paulina mwenyewe. Pale uani, ameinama, anasukumia dawa, na Sabrina anaomba aoshwe.

"Wapendwa, huyu ndiye msusi wetu," ilisema sauti ya katuni. "Leo alama toeni nyinyi."

Picha ilikuwa imepigwa kutoka ndani, kupitia nondo za dirisha la chumba cha Tereza.