Gunia Kwenye Kiti cha Dereva

Nikirekebisha springi za gari la mashindano la kaka yangu Mukhwana, mimi huweka gunia la mahindi lenye uzito wake kwenye kiti cha dereva na kulifunga mkanda. Hivyo gari hukaa kama yeye yumo ndani.

Leo amefika gereji hapa Kitale akitoka hospitali Bungoma. Koti linamning'inia mabegani.

"Punguza mahindi, dada. Si unaniona."

Nikachota gorogoro moja, kopo la kilo mbili, nikamtazama.

"Bado."

Nikachota nyingine. Gunia likajikunja, mkanda ukalegea.

"Imetosha, bana," nikasema. "Kufikia siku ya mashindano utakuwa umerudisha mwili."

Akauvuta mkanda polepole mpaka ukalishika gunia tena.

"Bado, dada."