Sherehe Uliionaje?

"Viti vilikuwa vigumu," alisema mzee kwenye simu. "Andika hilo. Mgongo bado unanidai."

Mkusanya maoni akaandika. Alikuwa na sauti ya upole, ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na wazee waliipenda. Akamuuliza kuhusu vipaza sauti, kisha kuhusu chakula, na mwisho, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo akiwa tayari mlangoni, akamuuliza kuhusu vinywaji vya meza kuu. Nani aliyekuwa akivipeleka?

Mzee hakujua. Yeye alikuwa anapigana na kiti.

Tangu asubuhi mkusanya maoni alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, akipiga namba moja baada ya nyingine. Namba hizo alizipiga picha kwenye kitabu cha wageni, pale mlangoni mwa ukumbi. Kila aliyepokea alimweleza kwamba anapiga kwa niaba ya walioandaa harusi ya juzi, wanaomba maoni, mazuri na mabaya, ili siku nyingine wafanye vizuri zaidi. Mabaya ndiyo aliyoyasisitiza. Kwa uzoefu wake, ukimwomba mtu sifa atakupa neno moja akate simu. Ukimwomba lawama atavuta kiti.

Harusi yenyewe ilikuwa imeishia pabaya. Mjomba wa bwana harusi, hakimu mstaafu, alikunywa glasi ya sharubati, akasimama kutoa nasaha, akakaa, asiinuke tena. Familia ilisema ni moyo. Daktari naye akasema ni moyo. Mazishi yalikuwa kesho mchana. Hakuna aliyeitaja ile glasi ila huyu mkusanya maoni, naye alitaka kujua jambo moja tu: kama kulikuwa na mtu aliyemwona vizuri yule aliyeipeleka.

Dada wa bwana harusi alisema ndiyo, kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu, akizungusha sinia kwa adabu. Bila shaka ni wa upande wa bibi harusi, alisema, maana katika ukoo wake mwenyewe watu wa adabu namna ile hawapo. Mama mdogo wa bibi harusi alimsifu mwanamume huyo huyo, yeye akidhani ni wa upande wa bwana. Sura yake? Mama mdogo akafikiri. Ilikuwa sura tu, alisema, kama sura za watu. Binamu mmoja aliongeza kwamba hakimu alifunga wengi enzi zake, na mtu aliyefunga wenzake kiasi kile hafai kunywa asichokimimina mwenyewe. Kisha akacheka, akaomba hilo lisiandikwe.

Mkusanya maoni hakuliandika. Kila harusi ina pande mbili, na mgeni asiyejulikana upande huu huhesabiwa kuwa wa upande ule. Ndivyo mtu anavyoweza kuvuka ukumbi mzima na sinia mkononi, asiulizwe yeye ni nani.

Jua lilikuwa limeanza kuuacha ule ukuta alipofika kwenye namba ya mwisho, ya shangazi wa bibi harusi.

Shangazi alikuwa kinyozi, mwenye kibanda chake mwenyewe, na mdomo uliozoea kuchangamsha wateja. Alianza na keki, ambayo kwa maelezo yake ilikatwa vipande kama vidonge vya malaria. Akaja kwenye muziki, akaupa robo ya alama. Ndipo akaulizwa kuhusu vinywaji.

"Yule wa koti la kijivu? Namkumbuka sana," alisema. "Mwanangu, mimi sitazami sura, natazama ndevu. Zake zina doa jeupe hapa chini ya mdomo, kushoto, kama tone la maziwa. Tena anajinyoa mwenyewe, vibaya. Nilitamani kumwambia apite kibandani nimrekebishe."

Mkusanya maoni akauliza: "Ukimwona tena utamjua?"

"Hata kwenye umati." Sauti yake ikashuka. "Na kuna kitu kinanisumbua. Hakimu alinyoosha mkono kuchukua glasi ya mbele, yule bwana akaligeuza sinia, akampa ya nyuma."

"Hilo umeshamwambia nani, shangazi?"

Bado, alisema. Kaka yake, baba wa bibi harusi, alikuwa amezama kwenye msiba. Angemwambia kesho wakitoka kuzika, akishapumua. Mkusanya maoni alisema hiyo ni busara. Akamwambia kwamba kati ya maoni yote ya siku hiyo, ya kwake ndiyo yaliyofaa zaidi, na kwamba waandaaji wangependa kumletea zawadi ndogo ya shukrani. Je, kesho atafungua, au mazishi yatamzuia?

Atafungua mapema, alijibu shangazi, kabla majirani hawajafika, anyoe wawili watatu kisha aende kuzika. Alipenda kuwatangulia wateja, afagie, apange vifaa vyake kwa utulivu.

"Wewe njoo tu. Utanikuta peke yangu. Na nitakunyoa bure."

Wakacheka wote wawili, wakaagana.

Mkusanya maoni aliikunja karatasi yake. Akamimina maji ya moto kwenye beseni, akasimama mbele ya kioo, akajipaka povu chini ya mdomo, upande wa kushoto, mpaka lile tone la maziwa likapotea ndani ya weupe wa povu. Akauinua wembe. Ukatua kidevuni, ukasita hapo wakati akiwaza, taratibu, kama ilivyokuwa desturi yake.

Kisha akauweka chini, akajifuta kwa taulo. Aliyezijua ndevu zile alikuwa mmoja tu, na kesho asubuhi angekuwa peke yake, akisubiri mteja.