Kitone cha Saa Mbili Asubuhi

Kile kitone cha kijani hakikuwa na kazi yoyote, ndiyo maana alikifuta.

Kilikaa chini kabisa ya tovuti ya kampuni, kando ya anwani, kidogo kama punje ya mtama. Saa mbili asubuhi kiliwaka, jioni kikazimika. Alidhani kinajiwasha chenyewe. Na kwa ajili ya kitu hicho, tovuti nzima ilikokota rundo la msimbo wa programu wa miaka tisa iliyopita, zito kama kabati la urithi ambalo hakuna anayethubutu kulitupa.

Alikuwa mgeni pale, na hakuwa binti tena. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi cherehani, mpaka mgongo ukagoma, akaenda kujifunza kutengeneza tovuti darasa moja na watoto wa rika la mwanawe wa mwisho. Mkuu wa ofisi alimpa wiki tatu za majaribio na sharti moja: tovuti ifunguke chini ya sekunde mbili. Akishindwa, kazi ingepewa akili mnemba, naye arudi kwenye cherehani yake.

Zikiwa zimebaki siku mbili, tovuti bado ilichukua sekunde nne. Akaiuliza hiyo hiyo akili mnemba akate nini. Ikamjibu bila haya: kitone hakitumiwi na sehemu nyingine yoyote, futa pamoja na rundo lake. Fundi cherehani hafundishwi kukata. Akakata. Sekunde moja na nusu. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba.

Asubuhi alimkuta mchora kurasa, jirani yake wa meza, akibonyeza kompyuta mara kwa mara, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Alikuwa mtu mpole, wa kufika kabla ya wote. Alikuja kwa miguu hata mvua ikinyesha. Gari la ofisi likisimama kumchukua, hupunga mkono tu lipite. Wenzake walimtania kwamba viatu vyake ndivyo vinavyostahili mshahara.

Saa mbili na dakika tano simu ya ofisi ikalia. Fundi akapokea.

"Taa haijawaka," ilisema sauti ya mama mtu mzima, hata salamu hakuna. "Amefika kazini? Yuko salama?"

"Shikamoo, mama. Nani huyo?"

Hakujibiwa. Mchora kurasa alikuwa ameshamnyang'anya simu.

"Shikamoo, mama. Amefika... Ni mitambo tu imetusumbua leo." Upande wa pili ulitulia mara tu aliposema. "Ndiyo, amekula. Nitamwambia."

Akaweka simu, akamgeukia fundi.

"Dada, umekigusa kile kitone?"

"Nimekifuta. Hakikuwa na kazi."

Mchora kurasa akavuta kiti, akamweleza polepole. Kitone kilitengenezwa na rafiki yake, aliyekuwa akikalia kiti hicho hicho alichokalia fundi sasa. Alikuwa mvivu wa kupiga simu, basi akamwambia mama yake: kila asubuhi fungua tovuti yetu kwenye simu yako, ukiona kijani ujue nimefika salama. Alikufa mwaka juzi, ajali ya gari.

"Na mama yake hajui?"

"Anajua, anasahau. Akili imeanza kumpotea. Wiki moja baada ya mazishi alinipigia, akauliza kwa nini taa haiwaki. Nikamkumbusha. Alilia kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake akapiga tena, akauliza vilevile." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ningemwambiaje mara ya tatu, dada? Nikakimbia ofisini, nikawasha. Tangu siku hiyo nawasha mimi."

Fundi akapiga hesabu. Akirudisha rundo, sekunde nne zinarudi nalo, na kesho mkuu anakuja kupima.

Siku hiyo hakutoka kula. Alikiunda kitone upya, kwa mkono, mstari kwa mstari, kama mtu anayerudisha kishikizo kwenye shati la mtu asiyekuwepo. Mara tatu akili mnemba ilimshauri aachane nacho. Mara ya nne akaizima. Ilipofika jioni alikuwa na mistari kumi na moja tu, bila rundo. Akapima: sekunde moja nukta sita.

Kesho yake, saa mbili kamili, mchora kurasa alibonyeza. Kijani kikawaka. Alikitazama kitambo, kisha akatoka kwenda kunawa uso.

Fundi alifundishwa kwamba kazi haijaisha mpaka uione kwenye simu ya anayeitumia. Akaitafuta ile namba ya jana, akapiga.

"Shikamoo, mama. Kinaonekana huko?"

"Marahaba, mwanangu. Kinaonekana, kimetulia." Mama akashusha sauti. "Yuko hapo karibu?"

"Nani, mama?"

"Huyo anayewasha."

Fundi akatupa jicho mlangoni. "Ametoka kidogo."

"Basi nisikilize, na usimwambie. Mwanangu nilimzika mwenyewe, na akili yangu haijaenda popote. Lakini siku ile ya ajali usukani alikuwa ameushika huyo mwenzake. Wiki ile ya mazishi mama yake alikuja kwangu analia, akasema mtoto amelala kitandani, hali, hasemi, haoni sababu ya kuamka. Nikamtafutia sababu."