Neno la Siri la Nyumba ya Bibi

Abuu alipofika Kinole hakuomba maji, aliomba simu. Shikamoo aliitoa, ndiyo, lakini mkono ulikuwa umeshanyooshwa.

"Marahaba," akaitikia Mjomba Dadi, amechuchumaa anageuza pilipili manga juani. "Karibu. Kaa kwanza."

"Hakuna kukaa, mjomba. Tunaibiwa."

Tuseme ukweli, safari ilikuwa na sababu. Nyumba ya Bibi Maimuna, mama yake Dadi, ilibebwa na maporomoko ya udongo mwaka mmoja baada ya bibi kuzikwa. Mjukuu wake Chausiku akaijenga upya ndani ya Makao, ule mji wa mtandaoni ambao watu hutembea humo kama katuni na kupiga soga. Aliweka mafiga, kigoda, hata sauti ya bibi mwenyewe akiwagombeza wajukuu kwa kuchezea unga. Ndugu waliotawanyika mijini walikutana mle kila Ijumaa kuisikiliza, na wengine walilia kabisa. Sauti hiyo haikubaki mahali pengine popote, maana simu iliyoirekodi ilishachomolewa mfukoni stendi ya Msamvu.

Sasa, Mluguru na ardhi hana mchezo. Ardhi ni ya upande wa mama, na msimamizi wake ni mjomba. Iwe shamba la migomba, iwe kiwanja kilichomo ndani ya simu, utaratibu ni uleule. Kwa hiyo Chausiku alipomaliza kujenga alipanda mlimani na simu yake, akampa mjomba, na mzee akageukia ukutani akaandika neno la siri analolijua yeye peke yake. Mwenye neno ndiye mwenye nyumba. Wengine wote ni wageni.

Abuu, ambaye yuko mwaka wa pili wa kompyuta na kwa hiyo anajua kila kitu, aliuona utaratibu huo kuwa ni ushamba. Ushamba ukazidi aliposikia kwamba simu ya mjomba, kwa udogo wake, haikuweza kuibeba Makao yenyewe, na kwamba mzee alikuwa akitumia kitu kinachoitwa Makao Nyepesi, programu ya kuchati tu, ambayo wenye Makao hawakuitengeneza na aliyeitengeneza hajulikani. Aliandika aya kumi na moja kwenye grupu la familia kuonya kwamba programu hiyo inaiba maneno ya siri, zote kwa herufi kubwa. Hakuna aliyezisoma, ndipo akapanda bodaboda.

"Nani alikuwekea hiki kitu?" akauliza, tayari anaibofya simu ya mzee.

"Twalibu, yule wa boda. Kizuri, hakili bando. Kila asubuhi naandika hodi, Chausiku ananikaribisha, tunasalimiana."

"Hodi." Abuu alicheka peke yake. "Mwenye nyumba anapiga hodi kwake. Ndio mtu tuliyemkabidhi mali ya ukoo."

"Lakini Abuu, mimi mle huwa..."

"Mjomba, niachie. Hiki ndicho ninachosomea."

Mpango wake ulikuwa rahisi: kulibadilisha neno la siri kabla wezi hawajalitumia. Makao halisi ilikuwemo kwenye simu yake mwenyewe, lakini simu hiyo ilikuwa imezima. Tangu Mkuyuni, njiani, alikuwa akijirekodi, akiwaeleza wafuasi wake mia mbili jinsi mtaalamu wa usalama anavyokwenda kumwokoa mzee. Sola ya mjomba ingeichaji kwa saa moja hivi. Saa moja, kwa mtaalamu, ni nyingi.

"Nitaingia humuhumu kwenye yako," akasema.

"Humu unamosema mna wezi?"

"Neno si wanalo tayari? Tunawawahi tu kulibadilisha."

Mzee aliangalia mkeka wake, akaangalia bonde ambako nyumba ya mama yake ilikuwepo. Abuu alikuwa mtoto wa dada yake, damu ya ukoo, na zaidi ya hayo alikuwa amesoma. Mwishowe akainama akamnong'oneza sikioni. Lilikuwa jina la mbuzi wa bibi, na Abuu hakujizuia kutabasamu.

Akaliandika. Programu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: *Karibu, mwenye nyumba. Hii ni mara yako ya kwanza.* Abuu hakushangaa, kwa kuwa wataalamu hawasomi vitu vidogo. Akaweka neno jipya lenye herufi ishirini na mbili, na alama ya mshangao katikati. Programu ikamwomba asubiri.

Alisubiri huku akimpa mjomba somo kuhusu tabia ya kuamini vitu vya bure. Mzee alisikiliza kwa adabu zote, kama vile yeye ndiye aliyekuja mgeni. Somo lilikuwa katikati simu ilipoita.

"Shikamoo mjomba," ilikuwa sauti ya Chausiku, na alikuwa analia. "Kuna nini huko? Tumetolewa nje wote. Mlangoni pana jina la mtu nisiyemjua. Na sauti ya bibi imefutwa, mjomba. Nimetafuta, haipo."

Mjomba Dadi akakaa chini, palepale kwenye udongo. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Nilisema," akasema Abuu. "Si niliandika kwenye grupu? Mwaka mzima unaingia humu. Mwaka mzima umewapa neno la siri, wao wanakungojea tu."

Mzee akaichukua simu yake mkononi mwa mpwa wake, akaifuta kioo kwa shati.

"Mwaka mzima nimeingia kama mgeni, mwanangu, na mgeni haulizwi neno la siri," akasema. "Hii simu imelijua leo."