Siku ya Tatu Bila Kulala

Waendesha pikipiki walipoingia mjini na kusimama kidogo, injini zikiwaka, siku ya tatu bila kulala, mwenyekiti wa mashindano alimleta Nasike, bingwa wa zamani, awatie moyo.

"Waambie utamu wa safari ndefu, bingwa wetu."

"Utamu?" Nasike alimkazia macho. "Siku kama hii nilimwona marehemu mama yangu ameketi katikati ya barabara. Sikushika breki. Nilimpitia juu."

"Ah! Ni uchovu tu huo."

"Ningejuaje kama hakuwa mtu wa kweli? Nilichotaka ni kushinda."

Mwenyekiti akacheka. Nasike akamsukuma kando, akachomoa ufunguo wa pikipiki iliyotangulia. Injini ikazimika.

"Rudisha!" akafoka kijana aliyeipanda, macho yamemwiva, huku akiyumba kitini.

Nasike akaufumbata ufunguo, akakaza ngumi. Nyuma yao, wengine wakazidi kuvumisha injini.